Picha ni Kitendawili: Maswali Yenu ya Neno la Mwezi

Mwezi uliopita niliwapa maneno matatu, subira, mpaka na urithi. Nikasema chagua moja ulipige picha, usiandike maelezo chini yake, picha iseme yenyewe. Picha zimekuja nyingi na maswali yamekuja mengi kuliko picha, nikakaa studio usiku mbili tatu baada ya wateja wa pasipoti kuisha nikayasoma yote. Siwezi kujibu kila mtu kwa hiyo nimechukua saba, mengine yanafanana na haya.

*Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Uyole, natumia simu ya kawaida tu. Nilichagua subira. Nikampiga babu yangu amekaa kibarazani anaangalia barabara, nikaona nimemaliza kazi. Afu gazeti likatoka nakuta kuna wazee wengine wanne wamekaa wanaangalia barabara. Wenzangu mawazo mnayatoa wapi? Mi nikiambiwa neno kinachokuja kichwani ni kile kile kilichowajia wote. Nyumbani sisi ni wakulima wa viazi tu, hakuna cha ajabu cha kupiga.*

Marahaba mdogo wangu. Picha ya babu yako nimeiona, ni nzuri, itunze, kuna siku utaitafuta sana. Ila kama jibu la neno subira haijibu, inaonyesha mzee. Mtu asiyejua neno atasema ni upweke, mwingine atasema ni uzee, mwingine anasubiri daladala.

We umekua unategewa vitendawili, si ndio? Nyumba yangu ina nguzo moja. Uyoga. Angalia wazee walichofanya pale, hawakukwambia uyoga ni mweupe unaota mvua zikianza, wameuita nyumba, wakaacha jambo moja tu linalokwama, nguzo moja, halafu wewe ndio unamalizia kichwani mwako na ukishamaliza husahau tena maisha yako yote. Nyumba yangu haina mlango, yai, ni vile vile. Picha ya konsepti, yani picha inayobeba wazo, ni kazi hiyo hiyo ila badala ya mdomo unatumia kamera. Neno kama subira halishikiki, kwa hiyo unalitafutia kitu kinachoshikika, afu ndani ya picha unaacha jambo moja, nasema moja, ambalo haliko kawaida, mtu akipita anarudi kuangalia.

Sasa hicho kitu unakipataje. Mi nachukua daftari naandika vitu ishirini. Sio maana ya neno, vitu, vya nyumbani kwetu, ambavyo hilo neno linaishi ndani yake. Vitano sita vya kwanza nafuta vyote hata kama nimevipenda sababu hivyo ndio vya kila mtu, mzee kibarazani, saa ya ukutani, mshumaa, mtoto dirishani, kituo cha basi. Kuanzia cha kumi unaanza kukuna kichwa, unataka kuacha, na hapo hapo ndio vinaanza kuja vya kwako. Kwangu kwenye subira cha kumi na tatu kilikuwa maharage.

Maharage ya Mbeya yanaijua subira. Tuko juu huku, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Uyole ndio zaidi kidogo, na ukipanda juu mgandamizo wa hewa unapungua kwa hiyo maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, yani unaona mapovu yanatokota vizuri lakini maji yenyewe hayana moto kama yanayotokota Dar, ndio maana shangazi akija kutoka Pwani anashangaa mkaa unaisha na maharage bado magumu. Nilivyolifikiria hilo nikajua nimepata picha.

Nikaweka jiko la mkaa uani, sufuria, mfuniko, na jiwe juu ya mfuniko kama tunavyofanyaga. Simu kwenye stendi, kama huna egemeza kwenye matofali mawili, muhimu isitikisike. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya Pro kwenye kamera, ingia hapo, shata, yani muda kamera inapokea mwanga, weka sekunde 20, ISO, yani wepesi wake wa kushika mwanga, shusha mpaka mwisho, taima sekunde 3 ili ukibonyeza kidole chako kisitingishe. Mdogo wangu nikamwambia kaa pembeni ya jiko kama sekunde sita, inuka nenda mlangoni simama sita, rudi chuchumaa upande wa pili mpaka iishe. Kilichotoka ni sufuria imetulia, masizi yake unayahesabu, mkaa mwekundu, na binadamu amekuwa kama moshi, yuko sehemu tatu na huwezi kumshika hata sehemu moja. Kawaida sisi ndio tunaona chakula kinachelewa, hapa chakula ndio kimetulia na mtu ndio anapita. Hilo ndilo jambo langu moja. Ilitoka mara ya tisa, nane za kwanza zote nilifuta.

Muda ni giza linapoingia, mchana usijaribu, sekunde 20 juani unapata karatasi nyeupe. Na hapa angalieni, ushauri mwingi wa muda wa mwanga mnaousoma umeandikwa na watu wa Dar. Sisi tuko magharibi ya Dar kwa karibu nyuzi sita za ramani, na jua linachukua dakika 4 kuvuka nyuzi moja, kwa hiyo jua la Mbeya linazama dakika 20 na kitu baada ya la kwao ingawa saa zetu zinasoma sawa. Akikwambia toka saa fulani, we jumlisha.

Maharage ni yangu, usiyaige. Ila umeniambia kwenu ni wakulima wa viazi afu ukasema hakuna cha ajabu, na mi nimekaa nafikiria vile viazi vya mbegu vilivyolazwa stoo wiki na wiki vinatoa vichipukizi gizani wakati hakuna anayeviangalia. Nenda stoo kwenu.

*Mambo dada. Niko Tunduma, neno langu mpaka. Nikasema hapa ndio penyewe, nikasogea na kamera karibu na pa kuvukia kwenda Zambia, nikakatazwa hata sijaiwasha. Nipige wapi sasa?*

Poa mdogo wangu. Aliyekukataza yuko sahihi, mpakani, kambini, kwenye madaraja makubwa, kamera haitoki bila kibali. Na wale mnaojipiga katikati ya reli ya TAZARA nawaomba kwa upendo wote muache.

Hata ungeruhusiwa, kupiga geti la mpaka kwa neno mpaka ni kama kutega kitendawili huku jibu umelishika mkononi. Rudi ndani. Wangapi tunakaa chumba kimoja kina pazia katikati, huku kochi na tivi, kule kitanda na ndoo? Mgeni akija anakaa upande huu na hata awe ndugu wa damu hapiti lile pazia mpaka aitwe. Hakuna askari wala bati, ni kitambaa tu cha sokoni na kila mtu anakiheshimu. Mi sijaona mpaka mkali kuliko huo.

Zima taa ya upande wa sebule. Upande wa kitanda washa balbu moja, iwe chini, mita mbili hivi kutoka kwenye pazia. Mtu asimame karibu na pazia kivuli kitoke kikali, akirudi nyuma kuelekea balbu kivuli kinavimba na kingo zinafifia, mchezeshe mpaka upate unachotaka. Pazia liwe jepesi la rangi moja, maua maua yanakula kivuli. Upande wa sebule weka sakafuni pea moja ya viatu vya mgeni vimeelekea pazia. Kwenye simu gusa pale pazia linapong'aa afu vuta mwangaza chini mpaka chumba kiwe cheusi. Ukitaka viatu vionekane, mtu avimulike kidogo na tochi iliyofunikwa karatasi nyeupe.

*Ndaga dada kwa kazi nzuri. Huku Tukuyu ukungu kila siku, picha zangu zimefifia kama nimepigia kwenye maziwa. Nisubiri kiangazi?*

Usisubiri, wilaya yenu ya Rungwe inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, utasubiri mpaka uzeeke. Kwanza futa lenzi, picha nyingi za "ukungu" ninazotumiwa ni mafuta ya vidole. Pili simu ikitoka kwenye baridi ikaingia jikoni penye moto inatoa jasho kwenye kioo, iache ndani ya begi lililofungwa robo saa hivi izoee. Tatu, kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi inatia kijivu, kwa hiyo pandisha mwangaza kidogo wewe mwenyewe.

Baada ya hapo ukungu ni zawadi, watu wa mjini wanaweka mashuka nyuma ya mtu ili kuficha takataka, wewe Mungu amekufutia mlima mzima. Weka kitu kimoja cha rangi nzito hatua tatu nne kutoka kwenye kamera na kila kitu nyuma yake kiyeyuke. Mwanamke amebeba mkungu wa ndizi anaingia kwenye weupe, miguu imeshapotea, ndizi bado. Mwavuli mwekundu naomba tuupumzishe kidogo.

*Kamwene dada. Nafundisha sekondari Iringa, nina klabu ya wanafunzi 14 na simu mbili, yangu na ya mwenzangu. Tumechukua urithi. Makundi yote yameniletea Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, wanataka kwenda Kalenga kwenye makumbusho yake, wengine jiwe la Gangilonga. Sitaki kuwavunja moyo lakini naona zitatoka picha za utalii.*

Kamwene mwalimu. Wapeleke, tena wapeleke kwa moyo wote, ila safari ya kwanza simu zikae kwenye begi lako.

Mkwawa alikufa 1898. Fuvu lake lilirudi kutoka Ujerumani 1954, ndilo liko pale Kalenga ndani ya kioo. Katikati hapo kuna miaka 56. Watu wengi wakifika Kalenga wanataka picha ya kilichopo pale, wewe waulize watoto hiyo miaka 56 pale palikuwa na nini. Palikuwa na nafasi. Watu waliishi na nafasi, wakazaa, wakazeeka, wakasimulia habari ya kitu kisichokuwepo. Mi naona urithi wa Iringa uko hapo kuliko kwenye kioo. Halafu kila mtoto arudi kwao atafute mahali ambapo kitu cha ukoo kilikuwepo na sasa hakipo, msumari uliobaki ukutani, alama ya mraba iliyokoza pale picha ya babu ilipotundikwa miaka, kigoda ambacho hakuna anayekikalia. Wapige hiyo nafasi kwa heshima kama wanavyompiga mtu, katikati ya fremu, mwanga wa dirishani, bila flashi. Pale makumbusho ombeni ruhusa kabla ya kupiga chochote, yale ni mabaki ya mtu na ana wajukuu.

Na kama kuna mtoto ana bibi anayesuka vikapu vya milulu, yale majani marefu, naomba sana mjaribu hii, nimeiota siku nyingi na mi sina bibi tena. Binti anakaa chini, bibi amekaa nyuma yake kwenye kigoda, kikapu nusu kiko mapajani, na ile milulu inatoka kwenye kikapu inaingia moja kwa moja kwenye nywele za binti, kana kwamba bibi anasuka vyote viwili kwa mkono mmoja. Najua wanafunzi wenu wamenyoa, mtumie dada aliyemaliza shule au muungie uzi mweusi wa kusukia. Pale milulu inapokutana na nywele ndio picha, sogea hapo, uso wa binti hata usionekane.

Simu mbili kwa watoto 14 zinatosha. Kila mmoja achore picha yake kwanza kwenye karatasi, hata watu wa vijiti, asiyechora hapigi. Utaona nusu ya mawazo yanabadilika kwenye karatasi.

*Mimi ni mzazi, Mafinga. Binti yangu alilala juu ya mbao amefunikwa shuka jeupe mpaka shingoni, amefumba macho, akapigwa picha akaiweka kwenye simu yake. Watu wamenipigia kunipa pole. Hizi picha za kutunga si uongo tu mnafundisha watoto?*

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mshtuko ule, simu ya namna hiyo hakuna mzazi anayeistahili. Binti alikosea kutowaambia ninyi kwanza, hilo nasimama na wewe, picha inayogusa msiba, ugonjwa au ajali familia ijue kabla haijatoka, na iandikwe wazi kwamba imetungwa.

Lakini kutunga sio uongo mzee wangu. Upigaji picha ulitangazwa rasmi Ufaransa 1839, sifa na fedha ya serikali akapata mgunduzi mmoja, Daguerre. Kulikuwa na Mfaransa mwingine, Hippolyte Bayard, naye alikuwa amegundua njia yake ya kutoa picha kwenye karatasi na hakupata sifa ile. Mwaka uliofuata, 1840, akajipiga picha amekaa kifua wazi, macho yamefumba, amejifanya maiti ya mtu aliyezama, na nyuma ya picha akaandika kwamba huyu ni Bayard, amejitupa majini kwa kunyimwa haki yake. Hakufa, aliishi mpaka 1887. Maiti ilikuwa ya kutunga, uchungu ulikuwa wa kweli. Ngano za sungura na fisi tulizolelewa nazo hakuna aliyesema bibi ni muongo.

Uongo unaanza pale picha ya kutunga inapouzwa kama habari. Mimi picha ya harusi au ya mkutano sihamishi hata kikombe. Na nakuomba muulize binti yako swali moja kwa upole, alitaka kusema nini. Mafinga msitu unaanguka kila siku na mtoto amelala juu ya mbao kama mti uliokatwa, inawezekana alikuwa anaongelea miti.

*Dada mi wa Makambako. Siku hizi unaandika tu sentensi kwenye programu ya akili mnemba inakutolea picha ya konsepti safi kuliko zetu zote. Nijitese na baridi kwa nini?*

Kwa sababu ukiandika sentensi, programu inakupa vile vitu vitano vya kwanza vya kwenye daftari langu, vile nilivyosema tufute. Inakupa mzee kibarazani, amependeza sana, na sio babu wa mtu. Haijui upepo wa Makambako unavyokata masikio. Sikatazi kuitumia kujifunza, ila kwenye ukurasa huu sipokei.

Mwaka 1948 mpiga picha Philippe Halsman alitaka kumpiga mchoraji Salvador Dalí wakati kila kitu kiko hewani. Picha za kuchora zikaning'inizwa kwa waya, kiti akashika mke wa Halsman kwa mkono, wasaidizi wakarusha paka watatu na ndoo ya maji, Dalí akaruka. Walirudia mara 28, kila mara wanafuta maji, wanakausha paka, wanaanza upya. Kwenye hizo mara 28 ndio macho yanajifunza, na ukiruka hapo umeruka chakula chenyewe. Paka msiwarushe, majani makavu yanatosha, na upepo mnao bure.

*Shikamoo dada. Naishi Matema, naona aibu kuomba watu nipige, na nikijipiga mwenyewe ziwani wananicheka. Sina hata stendi.*

Marahaba mdogo wangu. Samuel Fosso alizaliwa Cameroon, 1975 akafungua studio yake mwenyewe Bangui, Afrika ya Kati, akiwa na miaka 13 tu. Mchana anapiga wateja. Jioni filamu ikiwa haijaisha anajipiga mwenyewe zile fremu zilizobaki, anavaa hivi anavaa vile, ili amtumie bibi yake Nigeria aone kwamba mjukuu yuko salama. Picha hizo za mabaki ya filamu ndizo zilizomfanya ajulikane duniani na mpaka leo kazi yake kubwa ni kujipiga mwenyewe. Kwa hiyo usione ni upungufu, anza na mtu ambaye hakuonei aibu, yani wewe, ndani, mlango umefungwa.

Stendi unayo. Hapo kwenu Wakisi wanafinyanga vyungu, hakikosekani kilichopasuka mdomo. Weka kitambaa chini ndani ya chungu, laza simu, lenzi ya selfi iangalie juu kwenye mdomo wa chungu, taima sekunde 10, afu inama uchungulie ndani kama mtu anayetafuta kitu alichoficha jana. Kama uso unakuwa mweusi sababu anga nyuma yako imezidi mwanga, pachika karatasi nyeupe ndani ya chungu ubavuni ili irudishe mwanga usoni, au subiri wingu. Udongo utakuzunguka kama duara jeusi na wewe uko juu kabisa, mdogo. Hiyo ukiipata nitumie, sababu neno lenyewe la mwezi ujao ni hili, "siri", na picha zinifikie kabla ya tarehe 20.